Ringi Iliyopungua Tabaka Mbili

Inspekta Morven Tait alilitua boksi juu ya meza, akaweka kiganja juu ya kifuniko chake, akasema:

"Kabla sijakuonyesha kilichomo humu, Rhona, chukua kalamu. Niandikie ringi yako ina uzito gani, upana gani na ukuta wa unene gani. Daftari liache lilipo. Andika kutoka kichwani."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea nitajua hukuibuni wewe."

Rhona Cranston alicheka puani, kicheko cha mtu ambaye hajacheka tangu Jumamosi. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na mikono mipana ya ukoo wa wafumaji. Mama yake na bibi yake walifuma sufu ndani ya jengo hilihili, pale Innerleithen, kabla mitambo haijauzwa. Yeye alilirudisha jengo kazini kwa nyuzi za aina nyingine. Alitengeneza ringi pana za kaboni kwa ajili ya baiskeli za milimani, na nusu ya waendesha baiskeli wa bonde lile walikuwa wakizitumia.

Mmoja wao alikuwa Fergus Brydon. Jumamosi, katika mashindano ya kushuka kilima cha Whinlaw, gurudumu lake la mbele lilisambaratika alipotua kutoka kwenye ruko, ukingo wa kurukia wenye kimo cha mtu. Mwamba ulimpokea kwa mgongo. Hii ilikuwa Jumanne asubuhi, na Fergus alikuwa bado hajafumbua macho katika hospitali moja ya Edinburgh. Ringi iliyovunjika ilikuwa na jina la Cranston kwa herufi nyeupe, kwa hiyo mji mzima ulikuwa umeshakata kesi. Jana yake muuza mikate alimhudumia Rhona bila kumtazama usoni.

Rhona aliandika haraka, akakisukuma kikaratasi mezani. Gramu 472. Upana wa nje milimita 41, wa ndani 35. Ukuta milimita 3, tabaka saba.

Morven alikisoma, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Sasa nieleze. Mimi baiskeli yangu ni ya kwenda dukani. Kwa nini pana hivyo?"

"Chukua puto. Lishike chini kwa vidole viwili, mtu alisukume kutoka ubavuni. Litafanya nini?"

"Litayumba."

"Lishike kwa kiganja kizima. Linatulia. Ringi nyembamba ni vidole viwili, Inspekta. Ringi pana ni kiganja. Tairi likishikwa vizuri unaweza kulipunguza upepo, likayakumbatia mawe badala ya kurukaruka juu yake, na bado kwenye kona halikuhepi."

"Basi kwa nini hukufanya hamsini?"

"Wateja wananiuliza hivyo kila wiki!" Rhona alisimama, akachomoa ringi mpya ukutani, akaishika kama mtu anayeshika ungo. "Ukizidisha, tairi linakuwa bapa kama sahani. Halilali kwenye kona, na mbavu zake zinajitokeza nje zichanwe na mawe. Kwa tairi la inchi mbili na nusu, thelathini na tano ndani yatosha. Zaidi ya hapo ni kujionyesha. Sasa pitisha kidole hapa ukingoni. Umesikiaje?"

"Butu."

"Butu, nene. Ukingo mwembamba ukigongwa na jiwe unageuka kisu. Unakata tairi, halafu wenyewe unapasuka. Watu wa biashara hii wanagombania gramu kama kuku wanaogombania punje. Mimi gramu zangu nimezitia ukingoni, na sioni haya."

"Torquil Rae anasema kosa ni lake."

Rhona aliishusha ringi. "Torquil? Fundi wa Peebles?"

"Ndiye aliyelifunga lile gurudumu. Nimetoka kwake sasa hivi, amelia mpaka chai yake imepoa. Anasema alijaza upepo wa pauni kumi na sita tu, mwamba ukaipata ringi."

"Upuuzi. Fergus ana kilo sabini, kumi na sita kwake ni sawasawa. Unaiona nyundo ile inayoning'inia kwenye mnyororo? Nimeziangushia ringi zangu nyundo ile zikiwa na pauni kumi na mbili. Tairi lilitoboka, ringi ikabaki nzima. Nani kamtia Torquil maneno hayo?"

"Gilmour Purves. Alimpigia simu Jumapili akamwambia sababu ni upepo, kabla Torquil hajasema alijaza kiasi gani."

Purves alikuwa mshirika wa Rhona kwa miaka kumi na miwili. Rhona alitengeneza, Purves akauza. Morven alirudisha mkono kwenye kifuniko. Alifungua boksi.

Vipande vilikuwa kumi na kimoja, kila kimoja ndani ya mfuko wake. Konstebo Archie Hume, aliyebakiza miezi minne astaafu, alishinda Jumapili nzima kwa magoti pale mwambani akiviokota. Morven alivaa glavu nyembamba, akampa Rhona jozi nyingine, akavipanga vipande kwa duara mpaka vikawa umbo la ringi lenye mapengo madogo madogo.

"Mizani yako ni sahihi?"

"Ilipimwa mwezi wa tatu. Cheti kile pale ukutani."

Kwanza Morven aliipima ringi mpya aliyoichomoa Rhona. Gramu 471. Kisha akaweka vipande, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

396.

"Zimepotea gramu sabini na tano," Morven alisema.

"Hazijapotea. Hazikuwepo tangu mwanzo." Sauti ya Rhona ilibadilika. Aliinama, akachukua kipimo cha taya mbili, akakibana kwenye kipande kikubwa kuliko vyote. "Nje arobaini na moja. Hapo sawa. Ndani... thelathini na sita na nusu. Ukuta una milimita mbili na robo. Inspekta, hii siyo ringi yangu."

"Kila mtu anayeshutumiwa husema hivyo."

"Naam. Kwa hiyo usiniamini mimi, amini kipimo."

"Basi ni ya bandia? Mtu kaiga, kabandika jina lako?"

Hapo Rhona angeweza kusema ndiyo, akaokoka. Badala yake alikigeuza kile kipande penye tundu la pampu, akakisogeza dirishani, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaileta ringi mpya, akamwonyesha Morven mahali palepale kwenye zote mbili. Palikuwa na alama kama unywele, ndefu kidogo kuliko ukucha.

"Mwezi wa pili kwa bisibisi niliikwaruza kalibu ninamoumbia ringi," alisema. "Tangu siku hiyo kila ringi inayotoka humo ina unywele huu. Hakuna mwigaji anayeweza kuupata. Hii imetoka kwenye kalibu yangu. Lakini tabaka zake sikuzilaza mimi."

Morven alimtazama mwanamke aliyetoka kuufunga mlango wake mwenyewe wa kutokea. Kuanzia hapo aliacha kumhoji kama mshukiwa.

"Leta msumeno," alisema. "Kata mpya, nione."

Rhona alikata bila kusita, vumbi jeusi likifyonzwa na bomba la mezani. Waliziweka sura mbili za mkato chini ya kioo cha kukuzia. Kwenye ringi mpya tabaka zilikuwa saba, zimeshikana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Kwenye ile iliyovunjika zilikuwa tano. Na katikati ya tabaka ya tatu na ya nne palikuwa na mstari mwembamba wa buluu.

"Hii rangi ni nini?"

Rhona alivuta pumzi. "Mungu wangu. Utando."

"Utando gani?"

"Kitambaa cha kaboni kinakuja kimeshalowa gundi, na mgongoni kina utando wa plastiki wa buluu ili kisishikane na mikono. Unabandua, unalaza. Unabandua, unalaza. Mtu kasahau kipande ndani. Gundi haiwezi kushika plastiki, kwa hiyo hapo ringi ilikuwa imeachana tangu siku ilipozaliwa."

"Wafanyakazi wako wawili wanaweza kusahau hivyo?"

"Greta na Tam? Wana miaka tisa kazini kila mmoja. Hawasahau hata wakiwa usingizini. Huu ni mkono wa mtu aliyejifunza kwa kuchungulia."

"Funguo za jengo ziko kwa nani?"

"Mimi." Rhona aliinua macho kutoka kwenye kioo. "Na Gilmour."

"Na tanuri? Likiwashwa, linaacha alama yoyote?"

Liliacha. Pembeni ya tanuri palikuwa na kisanduku kilichoandika kwenye karatasi ndefu kila mara joto lilipopanda: tarehe, saa, digrii. Rhona hakuwahi kuzisoma, alizihifadhi kwa ajili ya watu wa bima. Morven aliifungua karatasi ya mwezi wa tano, akaiburuta mezani kwa ncha ya kidole. Siku za kazi zilijaa mistari. Kisha wiki moja tupu.

"Wiki hii?"

"Dada yangu aliolewa Orkney. Tulifunga, wote tukaenda likizo."

"Isipokuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne," Morven alisema. "Saa nne asubuhi. Saa saba. Saa kumi. Joto limepanda mara tatu."

"Joto moja, ringi moja," Rhona alinong'ona.

Morven alichukua simu ya mezani, akampigia Hume kituoni. "Archie, gurudumu la nyuma la Fergus. Pima ndani ya ringi, kutoka ukuta hadi ukuta." Alisubiri, akasikiliza. "Thelathini na tano kamili? Una hakika? Haya, njoo huku na gari. Njoo sasa." Akakata. "La nyuma ni kazi yako halisi. Fergus alikuwa na ringi moja tu kati ya zile tatu."

Mlango wa vioo wa ofisi ulikuwa wazi. Ofisi ilikuwa ya washirika wote wawili, na Rhona alimruhusu kwa kuinamisha kichwa. Upande wa Purves palikuwa na boksi la vipeperushi vilivyotoka kuchapwa, bado vinanuka wino. Morven alichukua kimoja, akampa Rhona asome. Picha ilikuwa ya ringi ya Cranston. Maneno yalikuwa: *Upana uleule. Gramu 399.*

"Sijawahi kukiona hiki," Rhona alisema polepole. "Sijawahi kuunda ringi ya gramu mia tatu tisini na tisa."

Nje gari lilisimama. Gilmour Purves aliingia akidondosha mvua, kavaa koti zuri la sufu, mkononi mfuko wa karatasi unaonukia soseji. Mtu mrefu, nadhifu, mwenye tabasamu la kumfungulia kila mtu mlango.

"Inspekta! Ningejua uko hapa ningeleta mikate mitatu. Au polisi siku hizi mnashiba maswali?"

"Tunashiba majibu, Bwana Purves. Keti."

Aliketi. Aliviona vipande mezani, akavikwepa kwa macho.

"Torquil kakueleza? Maskini, usimbane sana. Upepo mdogo vile kwenye miamba ya Whinlaw..."

"Wewe hushiki kitambaa cha kaboni?"

"Mimi? Mwulize Rhona. Siwezi hata kuziba pancha."

"Kipeperushi hiki umekiandika wewe?"

"Nimeandika mimi. Ni rasimu."

"Namba mia tatu tisini na tisa umeitoa wapi?"

Purves alicheka. "Inspekta, hujawahi kwenda dukani? Kila kitu duniani kinauzwa kwa tisini na tisa. Ni namba ya wauzaji."

"Jibu zuri hilo," Morven alisema, na kweli alilipenda. Akavisogeza vipande kwenye mizani, vyote kumi na kimoja, akageuza kioo cha namba kimwelekee. "Mia tatu tisini na sita. Gramu tatu zimebaki kule mwambani kama unga. Jumlisha mwenyewe."

Purves aliusogeza mfuko wa soseji kando.

"Ringi hii imetoka kwenye kalibu ya humu ndani. Imepikwa Alhamisi ya tarehe kumi na nne, mwenzako akiwa harusini, na wafanyakazi likizo. Aliyeilaza alikuwa na ufunguo, alikuwa mgeni wa kazi, na alipomaliza aliitia mizanini akaifurahia namba aliyoiona, akaipeleka kwa mpiga chapa. Huna lazima ya kusema lolote, na lolote utakalosema naliandika. Umenielewa?"

"Mnunuzi alitaka chini ya mia nne," Purves alisema. Tabasamu lilikuwa limekwenda, uso ukabaki kama nyumba iliyohamwa. "Rhona, nilikuomba mara ngapi? Mara ngapi nilikwambia, toa tabaka mbili tu? Duka zima la Ujerumani lilikuwa linatungoja! Ukasema hapana bila hata kuinua kichwa."

"Nilisema hapana kwa sababu nilishajaribu," Rhona alisema. "Miaka minne iliyopita. Nyundo iliikata kama biskuti. Ungeniuliza kwa nini, ningekuonyesha."

"Fergus alijua anapanda nini?" Morven aliuliza.

Purves alitazama saa ya ukutani.

"Alijua, Bwana Purves?"

"Nilimwambia ni mpya. Nilitaka ishinde kwanza, halafu..." Alifuta midomo. "Ulikuwa upepo. Nimesoma sana tangu Jumamosi. Inaweza kuwa upepo."

Morven alikuwa ameshaacha kuandika. Tangu Purves aketi, alikuwa ametazama saa ya ukutani mara tatu. Mtu aliyebanwa na polisi hutazama mlango. Huyu alitazama saa.

"Tanuri limepanda mara tatu," Morven alisema. "Moja hii hapa. Mbili ziko wapi?"

Purves alitazama saa tena. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano.

"Saa sita kuna nini?"

Morven aliinama mpaka macho yao yakawa sawa, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira hata chembe: "Sikuulizi kwa ajili ya mahakama. Mahakama itangoja. Nani yuko juu ya ringi hizo?"

"Ailsa," Purves alisema. "Ailsa Renwick. Mbele na nyuma. Mnunuzi kaja kumtazama akishuka Whinlaw. Saa sita."

Rhona alikuwa ameshachukua koti lake.

Simu ya Ailsa haikupatikana. Mlimani kule mawimbi yalikoma kwenye geti la msitu. Hume alifika wakati huohuo. Walimkalisha Purves kiti cha nyuma, Rhona kando yake, na Morven akaushika usukani mwenyewe. Hume alikuwa akitaja kona kabla hazijafika, maana alizaliwa chini ya kilima kile. Barabara ya magogo ilipanda kwa mizunguko kati ya misonobari, mawe yakigonga tumbo la gari. Kondoo wawili walisimama katikati, wakapigiwa honi, wakafikiri, wakahama.

Walipotokeza juu ya miti ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili. Mita mia moja mbele, kwenye jukwaa la mbao, mwanamke mwenye kofia ngumu ya manjano alikuwa akishusha miwani machoni. Morven alikandamiza honi wala hakuiachia. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwa Ailsa kuja kwao, ukairudisha sauti nyuma.

Ailsa alijisukuma.

Morven aliukata usukani, akaliruka shimo la maji, akalisimamisha gari likiwa limeikata njia ya baiskeli kwa ubavu, hatua ishirini juu ya ruko la kwanza. Akatoka, akasimama mbele ya gari, mikono ameipanua. Baiskeli ilikuja, ikayumba, breki zikalia, matope yakamrukia Morven mpaka kifuani. Tairi la mbele lilisimama dhiraa moja kutoka magotini pake.

"Mna wazimu?" Ailsa alipaza sauti, akiirusha miwani. Alikuwa na miaka ishirini na minne na mdomo mkali wa mabaharia. "Nani kafundisha polisi kuendesha? Ningekufa!"

"Ndiyo," Rhona alisema, akitoka garini. "Shuka, mwanangu. Shuka taratibu."

Ailsa alimtambua, akashuka. Rhona alipiga magoti kwenye matope, akainua gurudumu la mbele, akatoa sarafu mfukoni. Akaanza kugonga ringi kidogo kidogo, akilizungusha gurudumu. Sauti ilikuwa kavu na safi: ti, ti, ti, ti. Robo ya duara. Nusu. Ti, ti, ti. Kisha: tup.

Alirudia palepale. Tup. Tup. Upana wa kiganja kizima, sauti ilikuwa imekufa.

"Ulishashuka nayo mara ngapi?" Morven aliuliza.

"Mara mbili. Jana, kwa kujaribu." Ailsa alikuwa ameduwaa. "Hii ingekuwa ya tatu. Kuna nini?"

Rhona alimshika mkono, akauweka ukingoni, akamwongoza kidole mpaka kikakuta ufa. Ulikuwa mdogo, hauonekani kwa jicho. Ailsa alitazama chini, kwenye ruko la kwanza na mwamba uliokuwa ukilingoja chini yake, mwamba uleule uliompokea Fergus. Bado ulikuwa na utepe wa polisi. Akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa, akavua kofia.

Morven alifunga utepe kwenye magurudumu yote mawili, akaandika saa, akamwambia Hume aiteremshe baiskeli kwa mkono na asiruhusu mtu aikalie. Kisha akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari.

"Gilmour Purves, nakukamata kwa kuhatarisha uhai wa Fergus Brydon na wa Ailsa Renwick. Yale niliyokwambia kuhusu kunyamaza bado yako palepale."

Purves hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama Ailsa, aliyeinuka na kusogea mpaka mlangoni, nywele zimemganda usoni kwa mvua.

"Ailsa," alisema, "naapa sikujua."

"Mimi ndiye ambaye sikujua," Ailsa alisema. "Wewe umejua tangu Jumamosi."